Swichibodi Yenye Maswali Elfu Moja

Pale hospitali kuu watu wachache sana walilijua jina lake la kwenye kitambulisho, na hata hao wachache hawakulitumia. Aliitwa Nakuunganisha. Ndilo neno alilowaambia wapiga simu tangu asubuhi mpaka jioni kwa miaka ishirini na miwili, kwa sauti nzito isiyo na haraka, na ukishaambiwa hivyo ujue umefika. Hakuna aliyewahi kumtaka daktari wa mifupa akapewa wa meno.

Surua ilimchukua macho akiwa na miaka mitatu. Nalisema mapema ili tusisumbuane mbele ya safari, maana wapo watu wakisikia habari ya kipofu huanza kutafuta leso. Wairudishe mfukoni. Huyu alikuwa mtu wa mzaha na maneno, shati limepigwa pasi, ndevu zimenyolewa, na alijua kuliko mtu yeyote pale hospitali nani kanuniana na nani, kwa sababu simu zote zilipita mkononi mwake.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, kati ya ofisi ya Katibu wa hospitali na stoo ya mashuka. Ubao wa simu ulijaza ukuta mzima. Ulikuwa na vifuniko vya bati mia moja na arobaini, kila kimoja na simu yake, na simu ikiita kifuniko chake kinaanguka, tak. Ubao ule ulitengenezwa kwa ajili ya watu wa kutazama, lakini yeye aliusikiliza. Kifuniko cha maabara kilikuwa na kutu, kikianguka kinakwaruza; cha chumba cha upasuaji kilikuwa kizito. Akienda likizo, wenye macho mawili mazima walikalia kiti kile wakaunganisha mochwari na jikoni, na ikifika siku ya tatu Matroni anaanza kuuliza atarudi lini.

Siku moja ya Jumatatu Katibu akaingia bila kubisha, akavuta kiti. Ubaya wa Katibu ni kwamba alikuwa mtu mwema. Angekuwa mkali, mtu angepata pa kumshika. Alimweleza kwa upole kwamba ubao ule umezeeka, vipuri havipatikani tena, na hospitali imepata swichibodi mpya inayoendeshwa na kompyuta. Simu ikiingia, jina na namba vinatokea kwenye kioo, mtu anasoma, anabonyeza, basi. Ijumaa saa nne fundi wa kampuni atauzima ubao wa zamani.

Nakuunganisha akauliza kuhusu yeye mwenyewe. Katibu akakohoa. Akasema ametumikia vizuri mno, kwamba atastaafishwa kwa heshima zote, kwamba atapumzika. Alikuwa na miaka arobaini na sita, hana hata mafua. Apumzike kitu gani?

"Na mashine hiyo ikiweza kusema?" akauliza. "Ikinisomea kilichoandikwa kwenye kioo, nitabaki?"

Katibu akajibu kwamba ikisema kabla ya Ijumaa saa nne, yeye hana ugomvi, kiti ni chake. Alijibu hivyo kwa sababu aliamini haiwezekani, na ahadi ya namna hiyo hutoka kinywani kwa urahisi.

Mashine yenyewe ilikuwa tayari imewekwa pembeni chumbani mle. Fundi wa kampuni, kijana mwenye funguo nyingi kiunoni zilizomtangaza tangu mlangoni, aliulizwa kama inaweza kusema. Akasema kwa ilivyo, hapana. Mfumo wa ile mashine, ndani kabisa, una kiini. Programu moja kubwa inayoamka kwanza na kuviamrisha vyote vingine: diski, kibodi, kioo, nyaya za nyuma. Kiini kile hakikutengenezwa na uwezo wa kusema. Kinaweza kutengenezwa upya, kwa kuwa maandishi yake ya asili yako wazi kwa kila mtu, unayachukua, unachagua unachotaka, unaipa mashine iyageuze kuwa kiini kipya. Mafundi huita kukompaili. Lakini ni kazi ya mtaalamu, na kampuni haikulipwa kwa hiyo. Akamalizia kwamba anayetaka kujaribu ajaribu, ila kiini cha zamani asikifute, akiboronga apate pa kurudi.

Mwingine angekwenda nyumbani kulala kifudifudi. Nakuunganisha alipiga simu. Si alikuwa amekaa kwenye swichibodi? Alimtafuta mwenzake waliyelala kitanda cha juu na cha chini katika shule ya wasioona, ambaye sasa alifanya kazi ya kompyuta mji mwingine, na aliyewahi kujigamba kwamba mashine yake inamsomea barua. Yule akacheka sana. Akasema kazi hiyo ameifanya mara saba, na mara mbili za kwanza alilia. Jumatano asubuhi mzigo ukafika kwa basi: kisanduku cha sauti chenye ukubwa wa tofali na waya wake, sahani za diski zenye maandishi ya asili ya kiini, na kurasa nne za nukta nundu alizochapa kwa mkono wake, zenye amri za kuipa mashine na majibu sitini.

Majibu ya nini? Hapo ndipo penye mchezo. Kabla ya kukompaili, mashine inakuuliza maswali. Je, uweke uwezo wa kutumia diski ya aina hii? Ya aina ile? Kadi ya mtandao? Kamera? Kwa kila moja unajibu ndiyo, au hapana, au liwekwe kando mpaka litakapohitajika. Maswali yanafika elfu moja na ushee. Mwenzake alimwambia kwamba yale sitini ndiyo roho ya kazi. Mengine, fuata ushauri ambao mashine yenyewe inautoa chini ya kila swali.

Na maswali yale yanatokea kwenye kioo. Ili mashine imsomee, ilibidi kwanza apate mtu wa kumsomea mashine.

Mke wake alikuwa fundi cherehani, na wiki ile alikuwa na sare za wauguzi wapya arobaini shingoni. Aliyebaki ni mama mkwe.

Sasa, huyu mama mkwe. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na minane, na kustaafu kwake kulikuwa kwenye karatasi tu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, wakubwa kwa wadogo, na hata muuza mkaa alipoandika bei mlangoni alimtazama kwanza kama ameandika sawasawa. Binti yake alipomleta Nakuunganisha nyumbani, Mwalimu alikataa wazi, akauliza mtu asiyeona atamtunzaje mwanawe. Binti akaolewa hivyo hivyo. Miaka ikapita, goti la Mwalimu likaharibika, akahamia kwao. Waliishi kwa adabu tupu. Yeye alimwita "baba", mkwe alimwita "mama", wakapishana kwenye korido kwa salamu ndefu na mazungumzo mafupi. Neno lile la zamani hakuna aliyelitaja, na hakuna aliyelisahau.

Kumwomba msaada ilikuwa kumeza mfupa. Akapiga moyo konde, Jumatano jioni, sahani za chakula zikiwa bado mezani. Alipomaliza kueleza, Mwalimu akauliza swali moja tu: kazi inaanza saa ngapi? Kesho yake saa kumi na mbili na nusu alikuwa kwenye geti la hospitali na miwani mbili, ya kusomea na ya akiba.

Wakakaa. Mkwe upande wa kulia, ubao wa zamani ukiendelea kudondosha vifuniko, kurasa za nukta nundu mapajani. Mwalimu upande wa kushoto, mbele ya kioo. Alisoma kila neno, na nukta, na mkato, kwa sauti ya imla, kisha akanyamaza kama anasubiri darasa liandike. Nakuunganisha anapitisha kidole kwenye ukurasa wake. Swali likiwemo kwenye sitini, anatoa jibu la mwenzake. Lisipokuwemo, anauliza ushauri wa mashine unasemaje, na Mwalimu anasoma, na karibu kila mara maneno yalikuwa yaleyale: kama huna hakika, jibu hapana.

Ushauri ule ulimpendeza mno Mwalimu. Alisema aliyeuandika ni mtu mwenye busara, angefaa kusimamia mitihani.

Kufika saa tatu walishapita maswali mia tano, na jambo geni likaanza kutokea pale: walikuwa wanafurahi. Mashine iliuliza kama wanataka kuendesha usukani wa mchezo wa magari, Mwalimu akasema kwa umri wake ni afadhali hapana. Iliuliza kuhusu redio za mawimbi za watu binafsi, vifaa vya kupima upepo, kadi za kampuni zilizokufa zamani. Nakuunganisha alisema ni kama mgeni anayekuuliza habari za ukoo wako mpaka mbuzi. Mwalimu akacheka, na mkwe wake akagundua kwamba kicheko kile, cha puani, alikuwa hajawahi kukisikia tangu waanze kuishi nyumba moja.

Saa tatu na robo ubao ukalipuka. Basi na lori viligongana barabara kuu, na vifuniko vikaanza kudondoka mfululizo: mapokezi, upasuaji, benki ya damu, polisi, gari la wagonjwa, ndugu wanaolia. Nakuunganisha aligeuza kiti, akaweka kurasa zake chini, akaingia kazini. Dakika arobaini hakupumua. Wanaomjua wanasema asubuhi ile aliwapata madaktari watatu waliokuwa nje ya hospitali kabla majeruhi wa kwanza hajashushwa, na mmoja alimpata kwa kinyozi.

Nyuma yake Mwalimu aliendelea.

Hakumwambia mtu. Kwake yeye kazi iliyoachwa nusu ilikuwa dhambi ndogo, na maelekezo si yalikuwa wazi? Alisoma swali, akajiuliza kwa haki kabisa kama ana hakika, akajikuta hana, akajibu hapana. Swali linalofuata, hapana. Alijibu maswali thelathini na saba namna hiyo, mgongo umenyooka, dhamiri safi kabisa.

Nakuunganisha alipogeuka, jasho likimtiririka, aliuliza wamefika wapi. Mwalimu akasema wamesonga. Naye, kwa uchovu, hakuuliza wamesonga vipi. Wakamaliza yaliyobaki, akaandika amri ya kukompaili, na mashine ikaanza kusaga. Aliweka kiganja juu yake akasikia feni inavyovuma na diski inavyotafuna. Mwalimu alimwambia mistari inashuka kwenye kioo upesi hivi kwamba hata yeye haisomi. Ilisaga kwa saa tatu na ushee. Mpiga chapa wa Katibu, dada aliyekaa chumba cha pili na kumletea Nakuunganisha chai kila siku, alipita mara tatu kuuliza kama imeiva.

Saa kumi alasiri ikanyamaza. Hakuna kosa hata moja lililotajwa. Nakuunganisha akakiweka kiini kipya mahali pake, cha zamani akakiacha chini yake kwenye orodha ambayo mashine huisoma ikiamka, kama fundi alivyoagiza, akachomeka waya wa kisanduku cha sauti, akaizima mashine na kuiwasha.

Wakangoja. Mwalimu akasema maandishi yanapita, yanapita, sasa mashine inaomba jina la kuingilia. Kiini kimeamka. Kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa kisanduku hakikutoa hata mguno.

Akasubiri dakika nzima. Akashika waya, akauchomoa, akaurudisha. Akakizima kisanduku na kukiwasha peke yake, nacho kikajitambulisha kwa sauti yake ya mtu mwenye mafua. Kwa hiyo kisanduku kizima. Tatizo liko kwenye kiini. Mashine huwa inatunza majibu yote katika faili moja, kwa hiyo akaliita faili lile kwenye kioo, akamwomba Mwalimu atafute mstari unaotaja uwezo wa kusema.

Mwalimu akatafuta. Akaupata, maana pumzi yake ilibadilika.

Hapa nataka msomaji atulie kidogo. Mle chumbani palikuwa na mtu mmoja tu mwenye kuona. Angeweza kusema mstari haupo. Angeweza kusema uko sawa, mashine ndiyo mbovu, na hakuna ambaye angemshika, si leo, si milele. Mtu huyu katika miaka thelathini na minane ya ualimu hakuwahi kusikika akisema amekosea. Wanafunzi wake walikuwa na watoto na bado waliamini kwamba huwa hakosei.

"Baba," akasema, "imeandikwa haikuwekwa. Hapana hii ni yangu. Ulipokuwa kwenye simu, mimi nilijibu peke yangu."

Nakuunganisha alikasirika, kwa nini tufiche? Alikasirika mpaka masikio yakawaka. Siku nzima imekwenda na maji, kesho saa nne ndiyo mwisho, na aliyemharibia ni yule yule aliyesema tangu mwanzo kwamba hafai. Maneno ya miaka kumi na minane yalimjaa mdomoni, mengine makali kweli. Alisimama, akatoka koridoni, akatembea mpaka mwisho wa ukuta na kurudi, mkono ukipita kwenye vigae. Na mle njiani akakumbuka kwamba alipogeuka kutoka kwenye simu aliuliza wamefika wapi, akaridhika na neno moja. Swichibodi haifanyi kazi hivyo. Mtu akikwambia "nipe daktari", unauliza daktari yupi.

Aliporudi, Mwalimu alikuwa bado amekaa vilevile, mikono magotini.

"Mama," akasema, "kosa moja haliachi mke, sembuse mama mkwe. Nami sikukuuliza. Una kalamu?"

Mwalimu akasema anayo. Wakahesabu zile hapana zake moja baada ya nyingine kwenye faili, naye akaziandika zote, thelathini na saba, kwa mwandiko wa ubaoni. Saa kumi na moja mlinzi akaja kufunga jengo.

Ijumaa saa moja kamili walikuwa wamekaa tena. Safari hii walikwenda polepole kwa makusudi. Yeye kidole kwenye nukta nundu, Mwalimu kalamu kwenye orodha, na kati ya zile thelathini na saba wakakuta tatu zilizokuwa miongoni mwa yale sitini: uwezo wenyewe wa kusema, aina ya kisanduku, na tundu la nyuma ambalo kisanduku hupitishia maneno. Tatu tu. Thelathini na nne zilizobaki Mwalimu alikuwa amejibu barabara, na Nakuunganisha hakuacha kumwambia hivyo. Alama nzuri sana hiyo, alisema. Kuna watu wamepewa ukatibu kwa chini ya hapo.

Wakabadili zile tatu kuwa ndiyo. Akaagiza mashine ikompaili tena. Kumbe kiini kikishakompailiwa mara moja hakianzi sifuri. Mashine hurudia sehemu zilizoguswa tu, kama mshonaji anayefumua mkono wa gauni bila kugusa kiuno. Hata hivyo ilitafuna, na saa ya ukutani nayo ilitafuna. Saa mbili. Saa mbili na nusu. Mwalimu alikuwa akitaja saa kila robo mpaka mkwe wake akamwomba kwa heshima apumzike kidogo. Saa tatu na dakika ishirini feni ikatulia.

Akakiweka kiini kipya mahali pake. Kwenye orodha ya kuamkia akaandika jina la kisanduku herufi kwa herufi, Mwalimu akasoma kila herufi mara mbili, na safari hii kila mmoja alimuuliza mwenzake kama ana hakika. Zikasikika funguo koridoni, fundi amefika. Nyuma yake Katibu, nyuma ya Katibu mpiga chapa, na Matroni akiwa amepita tu kwa bahati, kama alivyodai, kutoka jengo la tatu. Ilikuwa saa nne kasoro dakika saba.

Nakuunganisha akawaamkia wote, akiwatambua kwa sauti zao. Kisha akaomba kioo kizimwe.

Fundi akashangaa. Akasema kioo kikizimwa, hakuna atakayejua kinachoendelea. Nakuunganisha akasema ndiyo maana. Mwalimu hakungoja mjadala; alinyoosha mkono akabonyeza swichi, kioo kikawa cheusi. Nakuunganisha akaizima mashine, akaiwasha.

Diski ikakwaruza. Feni ikapanda. Kimya. Mpiga chapa alishika mkono wa Matroni. Fundi akaanza kusema kwamba labda, na hapo kisanduku kikakata maneno yake.

Kikasema. Kwa sauti ile ya mafua, bila kituo, kikataja namba ya kiini, na siku ya leo, na saa ambayo kilikompailiwa, kikataja diski na ukubwa wake, kibodi, nyaya, kadi ya simu, kila kitu kilichokuwa kwenye mashine kikajitokeza na kutajwa kwa jina, na mwisho kikaomba jina la kuingilia. Nakuunganisha alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. Alikaa, akaandika jina, kisanduku kikamrudishia kila herufi, na akaifungua programu ya simu ambayo kampuni iliileta.

Fundi alihamisha nyaya, ubao wa zamani ukazimwa, na simu ya kwanza ikaingia. Kisanduku kikataja namba. Maabara wanaitaka wodi ya watoto. Akawapa. Ya pili, mtu wa nje anamtaka mhasibu. Ya tatu na ya nne ziliingia pamoja, akaziweka moja moja, vidole havikutafuta kitu. Zilipita kumi na moja mbele ya kioo cheusi. Matroni alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mochwari leo haikuita jikoni.

"Nani amekufanyia kazi hii?" Katibu akauliza. "Kampuni gani?"

"Mimi na mama mkwe wangu."

Fundi akatoa daftari mfukoni. Aliuliza kama anaweza kupata nakala ya yale majibu, na Mwalimu akamwambia aketi chini kwanza. Akaketi.

Katibu, kama nilivyosema, hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa uhakika. Akasema simu mtu anaweza kuzizoea, namba anaweza kuzikariri. Angependa mashine isome kitu ambacho Nakuunganisha hajawahi kukisikia, chochote, maandishi yoyote ya ofisi. Mpiga chapa akatoka mbio akarudi na disketi. Baadaye aliapa kwamba aliichukua bila kutazama. Hakuna aliyemwamini, na mpaka leo hachoki kuapa.

Disketi ikaingia. Nakuunganisha akalifungua faili la kwanza, na kisanduku kikaanza kusoma Kiswahili kwa lafudhi ya mgeni aliyeshuka jana. Kumbukumbu namba fulani. Tarehe ya Jumatatu. Kwako ndugu. Napenda kukufahamisha kwamba kutokana na hali yako ya kutoona, na kwa kuwa umeshindwa kuendesha mitambo mipya, uongozi umeamua kukustaafisha kuanzia Ijumaa. Kisanduku hakina aibu; kilisoma mpaka nafasi ya sahihi na mhuri. Katibu hakuinua macho.

Nakuunganisha alikuwa na maneno mengi, lakini mama mkwe alimtangulia. Alisimama na goti lake bovu, akaegemea meza.

"Umeshindwa, imeandikwa Jumatatu," akamwambia Katibu. "Mtihani ameufanya leo. Wewe unasahihisha daftari kabla mtoto hajaandika? Huyu ni mkwe wangu. Mimi mwenyewe nilimpa sifuri kabla sijamuuliza swali hata moja, miaka kumi na minane iliyopita, na nilikosea. Usikosee na wewe."

Nakuunganisha aligeuza uso upande mwingine, kwa sababu macho yasiyoona nayo yana machozi, na yale ya kwake yalikuwa yameanza kazi.

"Ifute," Katibu akasema.

"Mimi mwenyewe?"

"Wewe mwenyewe. Na ya karatasi nitaichana mimi."

Akaandika amri, akabonyeza. Kisha, kwa kuwa sasa alikuwa mtu wa kuhakikisha, akaiambia mashine iorodheshe vilivyobaki kwenye disketi. Kisanduku kikataja barua ya mashuka, barua ya dawa za panya, ratiba ya zamu. Ile nyingine haikutajwa. Akaichomoa disketi, akamnyooshea mpiga chapa. Simu ikaita, kisanduku kikasema ni wodi ya wazazi, na Nakuunganisha akavuta kiti chake mezani.

"Naomba mnipishe, wakubwa," akasema. "Niko kazini."